Dole Gumba la Mayu Minza

1

Ngolo alikufa akichambua maharage, na kwa ushahidi wa wote tuliokuwepo, mimi nikiwa mmoja wao, alikufa akiwa hana shida yoyote. Alikuwa ametoka kulalamika kwamba maharage ya safari hii yana mawe kuliko ya mwaka jana. Kisha akainamisha kichwa juu ya ungo, nasi tukadhani anasinzia. Daktari aliyeletwa baadaye alisema utumbo wake ulikuwa umepasuka zaidi ya juma moja nyuma, na akauliza ilikuwaje mtu wa hali ile akawa anachota maji mpaka jana yake.

Sisi hatukuuliza. Sote pale Gereza la Mbarangwe tulikuwa na kituliza.

Kituliza ni kidude cha ukubwa wa choroko. Unapandikizwa nyuma ya sikio siku unayoingia, kabla hata hujapewa sare. Kinasikiliza kila habari inayopanda kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo, na habari yoyote mbaya inayozidi kiwango kinaikata makali. Hakikuondolei njaa. Unajua una njaa kama unavyojua kwamba kuna mafuriko nchi ya mbali: ni kweli, lakini wewe unahusikaje? Ukikanyaga msumari, unaujua ukiona damu sakafuni. Hata msiba ukiletewa, unaupokea, unasema poleni, unarudi kufagia.

Idara ya Urekebishaji ilipokileta ilisema ni huruma, kifungo bila mateso. Mwaka wa kwanza wakapunguza milo kutoka mitatu hadi miwili, waone tutasema nini. Hatukusema kitu. Mwaka wa pili ukawa mlo mmoja. Bweni la watu thelathini likalaza mia moja na tisa chini ya bati, katika nchi ambayo jua lake linakausha mpaka miiba. Mwishowe wakafunga chumba cha dawa, kwa sababu nani ataomba dawa ya maumivu mahali ambapo hakuna anayeumwa? Ngolo alikuwa wa kumi na mbili kufa vile, kimya na kwa adabu.

Mimi naitwa Nakijwa. Nilikuwa fundi cherehani kabla ya kumchoma mkasi mume wa mtu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mume wangu pia. Mbarangwe walinifanya nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake, na watu wangu walikuwa wanne. Pale kila kitu kinafanywa kwa watano: kuhesabiwa, kula, kuoga, kulala. Nyapara akifika kwenye hesabu na wanne, wote wanachuchumaa juani mpaka wa tano apatikane. Kwa hiyo somo la kwanza la unyapara, kabla hata ya kujua majina ya watu, ni kwamba tano lazima itimie. Asipokuwepo mtu unamtafuta, usipompata unamzua.

Wa tano wangu alikuwa Minza. Tulimwita Mayu, neno la kwao la kumwita mama, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini kasoro, aliyechoma nyumba ya shemeji yake na hakuwahi kusema anajuta. Nilipoingia gerezani sikuwa na mtu. Mama yangu alikataa hata kupokea barua zangu. Mayu ndiye aliyenionyesha mahali pa kulala pasipopitiwa na miguu ya watu, na kwa miaka sita nililala mgongo wangu ukigusa wake.

2

Baada ya kifo cha Ngolo alikuja wakili mmoja mwanamke, Sekela, mfupi, mwenye sauti ya kuuza samaki. Alisema tutafungua kesi ya pamoja: watu mia nne na kumi na wawili, shauri moja. Madai yetu yalikuwa chakula, nafasi ya kulala, dawa, na juu ya yote kuzimwa kwa vituliza, kwa kuwa mtu asiyehisi anavyotendewa hawezi kujitetea.

Karatasi za kuweka dole gumba alizigawa nafasi tano tano, maana alikuwa amesikia juu ya utaratibu wetu, akadhani anaturahisishia.

Siku hiyo Mayu alikuwa zahanati. Nyonga yake ilikuwa imeanza kukataa kubeba uzito, wakamlaza wampige picha. Nikaweka dole langu, wenzangu watatu wakaweka yao, nafasi ya tano ikabaki nyeupe. Hakuna aliyenitisha. Wakili alikuwa meza ya pili anacheka na mtu. Ila mimi nilikuwa nimebeba hesabu ya watano kwa miaka minne, na nafasi ile tupu niliiona kama kosa langu. Nikachovya dole la mkono wa kushoto katika wino, nikalibandika mahali pa Minza. Mkono ulifanya kichwa kikiwa bado hakijaulizwa.

Nilikusudia kumwambia akirudi. Akarudi baada ya majuma mawili, amebebwa. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Daktari alinivuta pembeni akanionyesha picha, pale ambapo mfupa ulipaswa kuwa mweupe palikuwa na matundu.

"Huyu mama kidude ndicho kinamshikilia," alisema. "Kikizimwa leo, ninyi wengine mtalihama hilo bweni."

Nikarudi bwenini. Mayu alikuwa amekaa kwenye mkeka akisuka ukili, ananicheka kwamba nimekonda sura kama mtu aliyefiwa na mbuzi. Sikumwambia. Siku hiyo sikumwambia, na siku zilizofuata nikawa na sababu nyingine kila siku.

3

Kesi ilikwenda vizuri kupita tulivyotegemea, na hapo ndipo wakili wa serikali alipoomba madole yote yahakikiwe upya mbele ya jaji. Sekela alikuja kutueleza siku moja kabla. Mahakama ingehamia bwaloni kwetu, kila mmoja aweke dole kwenye kioo, mashine ilinganishe na karatasi.

"Anatafuta moja tu," Sekela alisema tulipobaki wawili. "Dole moja la kughushi, na atasema shauri zima limefunguliwa kwa ulaghai. Jaji hatakuwa na njia, atalitupa. Na mpaka tufungue jingine ni miaka mitatu, minne."

"Wakili," nilisema, "kuna karatasi yangu mimi..."

Akainua mkono haraka. "Nakijwa, mdogo wangu. Ukimalizia hiyo sentensi, nitalazimika kumwambia jaji leo hii. Kiapo changu ndivyo kinavyotaka. Sasa fikiri kama unataka kuimalizia."

Sikuimalizia. Alikusanya mafaili yake, akaangusha moja, akaliokota, akaliangusha tena. Yeye hakuwa na kituliza.

Nikaenda kwa Mayu. Nilimkuta amelala chali karibu na dirisha, uso wake umetulia, miguu imekwisha kuwa kama mwiko. Nikakaa chini nikamweleza yote: dole la kushoto, picha ya daktari, kesho. Nikamwambia akisema ukweli mbele ya jaji, yeye atabaki na kituliza chake na kesi itakufa. Akisema alinituma nimwekee dole, atahesabiwa mlalamikaji kama sisi, na tukishinda atazimiwa kama sisi. Dawa hakuna. Jaji akiziamuru leo, zitachukua miezi kufika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ngolo alikuwa na watoto wangapi?"

"Wawili."

"Basi nitasema nilikutuma."

"Mayu, hujui itakuwaje."

"Mwanangu, mimi nimechomwa na nyuki nikiwa mdogo mpaka nikazimia. Nimevunjwa mkono na mwanaume. Unadhani sijui kuumwa?" Akanipapasa kichwa. "Wewe ni mjinga, lakini si mbaya. Nimekusamehe. Nenda kalale."

Alilisema kwa wepesi, kama anayekubali kuazima ungo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi, na nililala.

4

Bwalo lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya masinia. Jaji Kinyondo alikuwa mzee mwenye kikohozi, aliyekataa feni aliyoletewa na afande.

"Wao wanayo?" aliuliza, akituonyesha sisi kwa kidole.

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi irudishe."

Kabla ya uhakiki, wakili wa serikali alisema maneno yake ya mwisho. Alikuwa kijana mtanashati, anayetoa jasho bila kulifuta. Alisema hakuna mlalamikaji hata mmoja aliyeweza kuiambia mahakama kwamba anateseka. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba hajambo. Wenyewe wamesema hawajambo, sisi ni nani tuwapinge?

Sekela akasimama. "Mheshimiwa, wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hawa mmewanyang'anya hata kuijua. Mtu aliyezimwa maumivu akikwambia sawa, hiyo sawa yake haina thamani. Hajui anakubali nini. Ridhaa ya namna hiyo mahakama haiwezi kuipokea, leo wala siku nyingine yoyote."

Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani. Nilimtazama Mayu kwenye kiti chake cha magurudumu, naye alikuwa anapiga makofi kama wengine.

Nilijua wakati ule ule. Sitajidanganya kwamba nilikuja kuelewa baadaye. Kila neno alilosema Sekela lilimhusu Mayu, na ridhaa aliyonipa jana yake, na ule msamaha niliolala nao usingizi mnono. Kituliza changu kikaichukua hofu ile, kikaikata makali, kikanirudishia kitu kidogo cha kuvumilika. Kama ningeihisi nzima, pengine ningesimama nikapiga kelele. Nilibaki nimekaa.

Uhakiki ulichukua saa tano. Karatasi yangu ilipofika mashine ikalia.

"Nafasi ya tano," karani alisoma. "Minza Kulwa. Dole hili ni la mtu mwingine."

Wakili wa serikali alisimama kabla karani hajamaliza. Jaji akamwashiria akae, akageukia kiti cha magurudumu.

"Mama, hili dole si lako?"

"Si langu, baba. Nilikuwa zahanati. Nilimtuma huyu mtoto wangu aniwekee."

"Ulimtuma kwa kinywa chako, kabla hajaweka?"

"Ndiyo."

"Unajua kwamba wakishinda, na wewe utazimiwa?"

"Najua."

Jaji alikohoa muda mrefu. Alimtazama Mayu, akanitazama mimi. Akaandika. "Mgonjwa anaweza kumtuma mwenzake. Aweke dole lake sasa hapa, na liingie mahali pa lile."

Nilimsukuma mwenyewe mpaka kwenye kioo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Nilimshika dole nikalikandamiza, na taa ikawaka kijani.

Tulishinda. Jaji aliamuru milo mitatu kuanzia kesho yake, nusu yetu tuhamishiwe magereza mengine ndani ya mwezi, chumba cha dawa kifunguliwe ndani ya siku tisini kwa kufuata taratibu za manunuzi, na vituliza vyote vya walalamikaji vizimwe ndani ya siku saba. Aliongeza, kwa ombi la Sekela mwenyewe, kwamba ni marufuku kumwekea tena mlalamikaji yeyote kidude kama hicho kwa kisingizio chochote, hata akikiomba. Sekela aliogopa wangeturudishia kwa mlango wa nyuma. Serikali ikapewa siku thelathini za kukata rufaa.

5

Kwa amri ile moja Idara haikuchelewa. Siku ya pili yake walikuja na vifimbo, wanakugusa nyuma ya sikio, unasikia mlio mdogo, basi. Nadhani walitaka tujute.

Mimi ilinianza kwa joto. Nililisikia bati juu yangu, nikasikia nguo imenishika mgongoni, halafu njaa ikanipiga nikakaa chini. Baada ya hapo akaja Ngolo. Miezi kumi na moja nilikuwa nimemkumbuka bila shida, kumbe nilikuwa sijamlilia. Nilimlilia pale pale kwenye mstari, na kila aliyekuwa kwenye mstari alikuwa na wake wa kumlilia. Mwanamke mmoja aliyefiwa na mwanawe mwaka juzi alijitupa chini kana kwamba habari imefika saa ile.

Mayu walimgusa wa mwisho, kitandani kwake zahanati, alikokuwa amerudishwa. Alikuwa ananisimulia jinsi ya kumchinja kuku mzee. Mlio ukasikika. Akasema, "Ah." Akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Kisha akafungua kinywa, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwa binadamu.

Siku ya tatu Sekela alikuja na vidonge alivyonunua mjini. Havikufanya kitu. Dawa kali zilihitaji kibali, alikuwa ameomba kibali, aliyetakiwa kukisaini alikuwa semina. Aliniambia haya akiwa amesimama mlangoni, hathubutu kuingia. "Kidude hawawezi kumrudishia," alisema. "Amri inakataza, na amri ile niliiandika mimi. Labda asingekuwa mlalamikaji." Alinitazama, akageuza uso haraka, akaondoka.

Mayu alisikia. Maumivu hayakumziba masikio.

"Nakijwa." Alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na kucha zake ziliingia. "Nenda kamwambie jaji. Mwambie sikukutuma. Mwambie ulighushi."

"Mayu, wenzetu wote..."

"Nenda!"

"Watawarudishia wote, Mayu. Serikali inasubiri hicho tu. Wataanza tena kufa kama Ngolo. Na wewe ulikubali. Ulinisamehe."

"Nilikuwa siumwi!" Alilia kwa nguvu mpaka mshipa wa shingo ukasimama. "Mtu asiyeumwa anajua nini? Yule aliyekusamehe hakuwa mimi, Nakijwa. Mimi ndiye huyu. Huyu hajakusamehe. Nenda kawaambie."

Nilimbandua vidole kimoja kimoja, nikatoka.

Kutoka zahanati mpaka getini, penye simu ya afande wa zamu, ni hatua kama mia mbili. Ilikuwa wakati wa uji wa asubuhi. Wanawake walikuwa wamejipanga na vikombe vyao, wanasukumana, wanatukanana, mmoja analia kwamba uji ni wa moto umemuunguza, na mwenzake anamcheka na kumpulizia ulimi. Msichana wa bweni la pili aliyekuwa na homa alikuwa anapiga kelele kwamba tumbo linamuuma upande wa kulia, na watu wawili walikwishamshika kumpeleka kwa daktari. Tumbo hilo hilo la Ngolo. Na safari hii lilisikika.

Nilifika getini.

"Una shida gani, nyapara?" afande aliuliza.

Niliyahesabu yote, na kila nilivyohesabu upande mmoja ulikuwa na watu mia nne na upande wa pili ulikuwa na Mayu, na moyo wangu ulikuwa wote upande wa Mayu. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda aliyenizaa. Ningesema sentensi moja tu na baada ya siku mbili angelala kwa amani.

"Sina shida, afande."

Nikarudi. Alikuwa anautazama mlango.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, Mayu. Wanakuja nacho."

Uso wake ulilegea kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba uongo ulimsaidia kuliko vidonge vya Sekela. Kwa hiyo niliendelea. Siku nne nzima nilikaa chini pembeni ya kitanda kile, namfuta jasho, namgeuza, nasafisha, na kila alipopata pumzi ya kuuliza nilimjibu. Wako njiani. Gari limeharibika lakini limetengenezwa. Wako getini, wanaandikisha majina. Daktari ananawa mikono. Alinitukana, akaniita mwanangu, akanitukana tena, na mara zote aliniamini.

Alhamisi, saa nne asubuhi, aliacha kuuliza. Macho yake yalikuwa bado mlangoni. Nilimshika mkono, nikamwambia wamefika kwenye kona ya bwalo, nawaona, wanakimbia, na niliendelea kumwambia hivyo mpaka muuguzi akaja kunishika bega.